Kidole cha Elias

Ukifika Muhaisnah, kwenye mabweni ya wafanyakazi wa Dubai, usiulize kijiwe kiko wapi. Fuata harufu ya tangawizi mpaka nyuma ya bweni la saba. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha basi la kampuni, kile kirefu cha watu watano. Basi lake lilishakatwakatwa likauzwa vyuma chakavu, kiti kikabaki yatima ukutani, hatua chache kutoka pale mabasi mazima yanapobeba watu wa zamu ya jioni. Jumapili baada ya alasiri hukaa hapo watu watatu wenye majibu ya kila kitu isipokuwa ya maisha yao. Wa kwanza ni Amour, Mzanzibari aliyezeekea huku, ambaye huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na kisahani cha tende. Wanamwita Balozi, kwa sababu nchi nne zimeshamtaka aondoke. Wa pili ni Evans kutoka Kakamega, mlinzi kwenye maghorofa ya Jumeirah Lake Towers, aitwaye OB, jina la daftari la matukio la polisi, kwa kuwa kila tukio lazima aliandike, hata mtu akipiga chafya. Wa tatu ni Lawrence wa Bukoba, fundi umeme kiwandani. Huyo ni Fyuzi. Jina hilo alipewa siku alipozima bweni zima akitengeneza pasi.

Wa nne huja akipata lifti kwenye lori la majani. Huyo ni Elias wa Singida, mtu wa miaka arobaini na minne, mchungaji wa ngamia wa mbio katika zizi la tajiri wake, wanayemwita Arbab Ubaid, mbali huko njia ya Al Ain. Jumapili hiyo alishuka na karatasi mfukoni, akakataa tende, akamwomba OB kalamu. Hapo wote walijua kuna jambo, maana Elias hajawahi kukataa tende. Kila wiki alikuwa akila zake, kisha anaomba mbili za kumpelekea Aseel, ngamia jike anayemlea, na Balozi humfungia kwenye karatasi laini akimwambia ampe salamu bi harusi.

Akawasimulia. Mbio za ngamia siku hizi hazina mpanda ngamia. Mgongoni hufungwa roboti, kidude cha ukubwa wa birika, kimevishwa jezi na kofia, na mkononi kina fimbo. Ngamia wanakimbia, magari yanakimbia pembeni yao. Tajiri anashika usukani na kupiga kelele kwenye redio, na kando yake anakaa mtu mwenye rimoti. Akibonyeza, fimbo inazunguka, ngamia anachapwa. Mtu huyo, kwa Arbab Ubaid, ni Elias. Jumamosi ya juzi, si hii iliyopita, Aseel alishinda, lakini akarudi na kidonda matakoni. Kamati ya mbio ikarudisha video nyuma, ikahesabu kilomita ya mwisho: viboko arobaini na moja. Sasa anaitwa kesho asubuhi, aje na maelezo yake kwa maandishi. Ikiwa aliamriwa, zizi la arbab linafungiwa msimu mzima. Ikiwa ni kidole chake mwenyewe, anafungiwa yeye, na mchungaji asiyeruhusiwa kukanyaga uwanjani arbab hana sababu ya kumlipia viza.

— Na arbab anasemaje? aliuliza Balozi.

— Hajasema neno. Siku nane sasa. Anakuja, anamtazama ngamia, anaondoka.

— Hiyo mbaya, alisema Balozi. Tajiri akikutukana ujue bado una kazi.

Elias alieleza anachotaka: OB, mwenye mwandiko mzuri, amwandikie kwamba aliamriwa. Arbab alikuwa anasema yalla, yalla, yalla, haya twende, na yeye akawa anabonyeza. Alisimulia hivyo mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na kipande alichokiruka, kama mtu anayeruka dimbwi bila kulitazama. Hakuna aliyeona. OB alikuwa ameshafungua daftari.

— Tunaanza na tarehe, saa na hali ya hewa.

— Hali ya hewa ya nini, OB?

— Statement bila hali ya hewa ni barua ya mapenzi, buda. Kulikuwa na vumbi?

— Lilikuwepo.

OB akaandika vumbi, akalipigia mstari. Na vumbi hilo ndilo lililomwamsha Fyuzi. Yeye, alisema, roboti za namna hiyo amezifungua si moja si mbili, na ndani hamna maajabu, ni mota ya drili. Drili ikiingia vumbi, swichi inaganda. Unaachia, yenyewe inaendelea. Kwa hiyo pengine Elias alibonyeza mara tano tu kama Mkristo mzuri, na hizo thelathini na sita ni za vumbi.

Elias alikitazama kidole gumba chake. Ilimjia tamaa ya kuamini. Akasema pengine, inawezekana, kitufe kilikuwa kigumu kidogo siku ile.

Fyuzi akiona mtu kakubali hoja ya kwanza huwa hakosi ya pili. Akasema kuna na mawimbi. Magari arobaini, rimoti arobaini, hewa ni moja. Nani ajuaye amri ya nani iliingia kwa ngamia wa nani? Bwana wee, si lazima hata iwe ya uwanjani. Mtu yuko Mirdif anafungua geti la gereji yake aende kununua mkate, huku Aseel anachapwa.

— Arobaini na moja? aliuliza OB. Anafungua geti mara arobaini na moja?

— Geti bovu.

OB aliandika geti, akaweka alama ya kuuliza. Kisha akasema wote wanapotea njia, kwa sababu wanaulizana nani alibonyeza wakati fimbo ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Roboti ana jezi. Ana kofia. Ana namba ya usajili, kitu ambacho yeye OB alikisubiri miezi saba alipofika nchi hii. Mwenye namba ndiye anayewajibika. Kesho kamati imwite roboti, asimame, aulizwe. Akinyamaza, basi amekubali kosa.

Hapo kwenye ncha ya benchi alikuwa ameshakaa mtu wa tano, na ni Balozi peke yake aliyemkaribisha sawasawa. Alikuwa Redempta, msichana wa Songea mwenye wiki tatu nchini, mfanya usafi wa maofisini, anayesubiri basi la zamu. Aliwaambia shikamooni, akapokea kikombe kwa mikono miwili, akaweka mkoba magotini na kusikiliza jinsi wageni wanavyosikiliza, kama kila neno litakuja kuulizwa kwenye mtihani.

Balozi, kwa heshima ya mgeni, alikunja kanzu na kutoa hukumu yake. Alisema vijana hawa hawawajui ngamia. Mie, alisema, nimekaa Maskati, nimekaa Salala, nimepigwa teke na ngamia wa mataifa mbalimbali. Ngamia ana kinyongo. Ukimkosea leo atakulipa baada ya miaka saba, tena siku ya sikukuu. Huyo Aseel alilijua jambo hili tangu mwanzo. Aliziona kamera. Akaikaza ngozi makusudi ili ichanike, apate kumfukuzisha Elias.

— Kwani Elias alimkosea nini? aliuliza Fyuzi.

— Hilo wanalijua wao wawili. Na tena weye Elias una kinga ya wahenga, sheikh wangu. Waambie kamati: fimbo ya mbali haiui nyoka. Ulikuwa garini, mita hamsini toka kwa mnyama. Wahenga wameshakuvua hatia.

Fyuzi alipinga kwamba hiyo siyo maana ya methali hiyo. Balozi akamjibu kwamba pengine siyo kwa huko bara, inakofika ikiwa imechoka. OB akaiandika yote, kwa herufi kubwa.

Elias alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini cha kwanza tangu Jumamosi ile, na kilimshangaza mwenyewe kifuani. Akaona inawezekana. Vumbi, mawimbi, roboti, kinyongo, wahenga. Katika watu wote hao atakosekana kweli mmoja wa kubeba mzigo? Akanyoosha mkono kwenye kikombe. Akaonja. Kahawa ilikuwa tamu.

— Samahani, kaka, alisema Redempta. Mimi hayo mambo siyajui. Wakati ule mnamchapa, mlikuwa wa ngapi?

— Si alishinda, dada, alijibu OB kwa niaba yake. Wa kwanza.

— Na wa pili alikuwa wapi?

Elias aliweka kikombe chini. Kwenye kioo cha pembeni cha gari, asubuhi ile, alimtafuta huyo wa pili. Aliona vumbi lao wenyewe.

— Nyuma.

— Nyuma kama hapa na wapi?

— Kama hapa na pale msikitini.

Wote watano waligeuka kuutazama msikiti, ng'ambo ya uwanja wa kuegesha mabasi. Mlangoni kulikuwa na mtu anavua viatu. Kwa umbali ule hukuweza kujua ni mzee au kijana.

— Sasa mlikuwa mnamchapia nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza sabuni ipi ni ya sakafu na ipi ni ya vioo. OB aliangalia daftari lake, vumbi, geti, methali. Balozi, mtu aliyejadiliana na maofisa wa uhamiaji wa bandari sita, akaanza kuyapanga makokwa ya tende kwenye kisahani, moja moja.

Mwishowe ni OB aliyesema, kwa sauti ya kazini, ile ya saa za ripoti:

— Hapo arbab alikuwa anasema nini, Elias?

— Alisema khalas. Basi, yatosha.

— Mara ngapi?

— Mbili. Ya pili alinigusa mkono. Akasema khalas, Elias, tumeshinda. Akachukua simu kumpigia nduguye.

— Na wewe?

Elias alikitazama tena kidole gumba. Kilikuwa juu ya goti, kimetulia.

— Nikibonyeza, anaenda, alisema. Miaka kumi na tisa naambiwa yalla mimi. Huku, Doha, Muharraq. Pale nikibonyeza, anaenda. Nikibonyeza tena, anaenda. Nilijua ni Aseel. Nilimwona. Sijui nieleze vipi.

Ng'ambo, yule mtu wa msikitini alikuwa ameshaingia ndani, na viatu vyake vimebaki mlangoni.

— Niandike nini? aliuliza OB.

— Hiyo.

— Hiyo gani, ndugu yangu?

— Ya khalas. Andika alisema mara mbili. Andika nilisikia.

OB alichana ukurasa wenye vumbi na methali, akaukunja, akautia mfukoni. Kwenye ukurasa mpya aliandika mstari mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane kijiweni hapo, hakuandika saa wala hali ya hewa. Akampa Elias kalamu. Elias alisaini kwa mkono wa kulia, polepole, kama watu wa Singida wanavyosaini vyeti vya ubatizo, na kila mmoja pale alijua anasaini na tiketi yake ya kurudi nyumbani.

Fyuzi alisema kwa sauti ndogo kwamba swichi ingeweza kuganda, kitaalamu.

Basi la zamu lilifika. Redempta alisimama, akafuta kikombe kwa upindo wa kitambaa chake, akakirudisha kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamlenga.

— Kaka Elias, nisamehe. Sikujua.

— Hukukosea, mdogo wangu. Kimbia, watakuacha.

Alipokwisha kupanda, Balozi aliinamisha chupa kwenye kikombe cha Elias. Yakatoka matone mawili na kipande cha tangawizi. Akaitikisa, akasikiliza, akafunga kifuniko. Kisha alifanya alichozoea kufanya kila Jumapili: alichukua tende mbili nzuri zilizobaki, akazifunga kwenye karatasi laini, akamnyooshea.

— Haya. Za bi harusi.

Elias hakuzipokea. Aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kifurushi kingine kama hicho, karatasi imechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Ndani mlikuwa na tende mbili za Jumapili iliyopita, ngumu, zimeshika vumbi la mfuko.

— Nampa kila asubuhi, alisema. Wengine wakimpa, anakula.