Telesphor Sumuni na Udongo wa Makanyagio

Ndugu waombolezaji, mimi Rafaeli, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kusoma habari za kaka, na nitazisoma bila kumpamba, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Telesphor Ambrosi Sumuni alizaliwa Inyonga tarehe 14 Mei 1941, akasoma shule ya msingi hapohapo, akaendelea Tabora, na baada ya mafunzo ya afya akaajiriwa Mpanda mwaka 1965 hadi alipostaafu mwaka 1996, akiwa Bwana Afya ambaye mama ntilie wakimwona tu kwa mbali walikimbilia kufunika masufuria.

Tarehe 6 Juni 1968 alifunga ndoa na Specioza, wakajaliwa watoto watano, wakajenga nyumba mtaa wa Makanyagio, na mwaka 1987 mama yetu Suzana akazikwa nyuma ya nyumba hiyo, ambapo kaka alizoea kutuonyesha nafasi ya kando yake, akisema hapo ni pake.

Mwaka 1993 tangi la dizeli la bohari ya jirani lilivuja chini kwa chini, visima vikaanza kunuka, naye akapewa kuongoza kamati ya kuamua udongo usafishwe kiasi gani, maana wenye bohari walitaka kufukia tu yaishe, wananchi wakataka uchimbwe wote hadi kwenye mwamba, naye akasema uwanja wa malori unaweza kubaki na harufu kidogo, lakini penye makazi udongo ukikorogwa kwenye maji safi usiache harufu wala utando wa mafuta, na kabla ya hapo pasichimbwe kisima, choo wala kaburi. Wengi walimnunia, ingawa kisima cha kwanza kufukiwa kilikuwa chake.

Februari 1998 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali, na mwezi Julai tulikoroga udongo wa pale nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la mama, utando ukaelea juu, tukamsihi alegeze kipimo mara hii moja tu, kwa ajili ya mama, akakataa huku analia, nasi tukalia naye. Alifariki tarehe 9 Septemba 1998, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makanyagio, wenzake wa idara ya afya, na binamu yetu Celestin aliyetupa sehemu hii ya shamba lake hapa Ilembo.

Kaka, mama amebaki peke yake kule, wewe tunakulaza huku, na inatuuma sana, lakini hatukuchimba. Upumzike kwa amani.