Machozi ya Mama Yaliyowekewa Muziki

Benchi lilikuwa la mbao, mguu wake mmoja umeinuliwa kwa nusu tofali, nalo lilikaa kati ya duka la miwani na karakana ya baiskeli, mahali ambapo kivuli cha alasiri kilifika mapema. Wenyewe walikuwa wanne. Breki, fundi baiskeli, aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa nazo. Profesa alikuwa karani mstaafu ambaye hakuwahi kufundisha mtu, ila alisahihisha kila mtu. Mama Birika aliuza kahawa na kujua habari za mtaa kabla hazijatokea. Wa nne alikuwa Lenzi, binti mwenye duka la miwani, ambaye siku hiyo kahawa ilipoa mkononi mwake kwa sababu macho yalikuwa kwenye simu.

– Siku ya nne leo, alisema. Inaita mpaka inakata.

– Mama bado? aliuliza Breki.

– Bado.

Lenzi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kila mteja aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza alimrekodi palepale, uso ukiwa unafunguka. Akishamaliza hukata sauti, huweka wimbo, hurusha mtandaoni. Mtindo huo ndio uliolijaza duka. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyekuwa ameishi miaka saba akiwaona watu kama moshi. Mama alivaa, akainua uso, akalia. Watu laki mbili walitazama. Jumamosi foleni ilifika mlangoni kwa Breki. Na tangu Jumamosi hiyo mama hakupokea simu. Kaka yake Lenzi, anayeishi na mama, alituma ujumbe mmoja tu: “Ni mzima. Miwani ameifungia kabatini.”

– Ni yale maoni, alisema Breki. Kuna mshenzi kaandika kwamba mama hana meno mawili. Nimemshukia mpaka nikafungiwa akaunti.

– Nani alikutuma?

– Uchungu, dada! Mama yako si mama yangu?

Lenzi alikuwa ameyasoma maoni yote, elfu moja na mia mbili, mara mbili. Mengi yalikuwa ya kumwombea mama heri. Ya meno yalikuwa saba, na hayo saba ndiyo aliyoweza kuyakariri, kila moja na jina la aliyeliandika.

– Mimi sikutaka kusema, Mama Birika alianza, na wote wakajua atasema. Kwenye kundi letu la kina mama, uso wake umeshakuwa stika. Mtu akikosa kikao anatumiwa mama yako akilia.

Lenzi akamgeukia.

– Mbona hukuniambia?

– Nilidhani unajua. Na mimi niliituma. Mara moja tu, mwanangu, kabla sijamtambua.

– Hayo ni madogo. Profesa aliweka kikombe chini kama mtu anayefungua mkutano. Ile mitambo ya mtandaoni hupima machozi. Ya furaha inayaacha, ya uchungu inayasambaza. Laki mbili si bure, binti yangu.

– Alilia kwa furaha, Profesa.

– Mtambo haukosei.

– Mtambo huohuo si ndio juzi ulikuletea tangazo la nepi? Breki alicheka peke yake. Hebu nisikilizeni. Kuna mzee, mchumba wake wa enzi hizo, ameiona video. Akasema, kumbe yupo! Mama hapokei simu kwa sababu simu ina mtu.

– Breki, mama yangu ana miaka sitini na minane!

– Na sasa anaona vizuri. Atachagua mwenyewe.

Lenzi alicheka bila kutaka, kisha hofu ikamrudia na kukaa palepale ilipokuwa.

– Niifute?

– Na foleni ile? Breki alishtuka.

– Ukifuta, stika zitarudi? Mama Birika aliuliza.

– Kufuta ni kukiri kosa, alisema Profesa.

– Kosa lipi sasa? Ndilo ninalowauliza tangu saa nane! Nilimwomba ruhusa. Nilisema, Mama, nikurekodi? Akasema, haya.

Hapo akafika mzee mgeni, mkono mmoja ukipapasa hewa, mwingine umeshika miwani iliyochomoka kikono.

– Shikamoo, mzee.

– Marahaba. Nimeambiwa hapa pana fundi.

Lenzi aliipokea, akatoa bisibisi ndogo mfukoni mwa aproni. Skrubu ikamponyoka, ikaanguka vumbini, akainama kuitafuta. Breki, kwa kuwa ni Breki, alishamsimulia mgeni habari yote na kumwekea simu mbele ya uso.

– Sioni kitu, kijana. Miwani yangu anayo huyu. Nisikilizishe tu.

Breki akaongeza sauti. Mzee akatega sikio mpaka mwisho.

– Mbona ni muziki mtupu? Mama anasema nini?

– Hasemi, mzee. Analia.

– Mtu haongei akilia?

Profesa alisogea, Mama Birika akasogea, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Midomo ya mama ilikuwa inasema. Walikuwa wameitazama video hiyo kila siku, na leo ndiyo kwanza wanaiona midomo.

Lenzi aliiacha skrubu. Video ya asili ilikuwa bado ndani ya simu yake. Hakuwahi kuisikiliza, kwa maana sauti huikata kwanza. Akaibonyeza. Pikipiki ilipita, mlango ukagongwa na upepo, kisha sauti ya mama ikaja, ndogo, yenye machozi:

– Shusha simu, mwanangu. Nikuone.

Na tena, kwa kubembeleza:

– Miaka saba. Shusha kidogo, niuone uso wako.

Ikafuata sauti ya Lenzi mwenyewe, ile changamfu ya dukani:

– Sekunde kumi tu, Mama. Usiangalie chini, utapoteza mwanga.

Video ikaisha. Mama Birika alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe bila kumimina.

– Halafu ukaishusha? aliuliza mzee, akimwelekea Breki kwa kutoona.

Hakuna aliyemsahihisha, hata Profesa. Lenzi alijaribu kukumbuka. Alikumbuka mwanga. Alikumbuka nyimbo tatu alizozijaribu, moja baada ya nyingine, akiwa ameinamia meza. Cha baada ya zile sekunde kumi alikumbuka kitu kimoja tu: kasha la miwani ya mama likifungwa, ta, nyuma ya mgongo wake.