Mtori Haukuwa Likizo ya Uzazi

Wakubwa wangu, shikamooni. Wadogo zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi hapa kwenye kikundi chetu cha kukopeshana mnalijua banda langu la kufungasha mboga, kule chini ya soko la Tengeru. Leo nataka mjue lilivyokaribia kufungwa, kwa kosa langu mwenyewe.

Nilianza na wanawake watatu, wakafika tisa. Hakuna aliyekuwa na mkataba. Mtu akija namwambia, "Karibu nyumbani, vaa aproni." Niliwaita wanangu. Mgonjwa nilimpeleka hospitali, aliyefiwa nilimsindikiza mpaka makaburini. Sheria ya kazi niliona ni ya mashamba makubwa ya maua, si ya mama mwenye banda la mabati.

Basi mmoja wao, mwepesi kuliko wote kuchambua maharage machanga, akajifungua. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilifurahi kama bibi. Nilipika mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi wa mzazi, kwa mkono wangu, na nyama ya mbavu, nikampelekea kwao. Nikamwambia, "Pumzika mwanangu, lea mtoto. Ya bandani yaache." Kisha nikachukua msichana mwingine, nikampa meza yake.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja akatokea, mtoto kamwacha kwa mama yake, aproni imefuliwa na kupigwa pasi. Nikashangaa. "Haa, na wewe umefuata nini? Nafasi imeshajaa." Akaitazama meza yake, akaondoka. Baada ya siku chache nikaletewa wito: natakiwa mjini, ofisi ya kusuluhisha migogoro ya kazi.

Mnacheka? Na mimi nilicheka. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda kumsuta mtoto asiye na shukrani. Msuluhishi, kijana wa umri wa mwanangu, akaniuliza, "Mama, huyu alikuwa likizo ya uzazi, au ulimwachisha kazi?"

"Nilimpelekea mtori," nikasema.

Yule binti akainua uso. "Mama, mtori niliunywa, Mungu akubariki. Na meza yangu ulimpa mtu lini?"

"Kesho yake." Sikuweza kudanganya.

Hapo ndipo nilipojiona. Huruma yangu niliitoa nilipopenda na kuikata nilipopenda. Sheria inampa mzazi siku themanini na nne zenye malipo, na kazi yake inamngoja. Mimi nilimpa sufuria moja.

Msuluhishi akatueleza kwamba tukipatana, yanaishia pale. Tukishindwa, shauri linasonga mbele, na fidia ingeweza kulimaliza banda pamoja na kazi za wale wengine. Nikamwomba binti radhi mbele ya msuluhishi yule. Akarudi mezani kwake. Ili kumlipa likizo yake nikauza ng'ombe wa maziwa. Msichana mpya nilimbakisha, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Na aliyenisaidia kuandaa mikataba ni nani? Ni yeye huyo huyo. Afisa kazi wa serikali alitupa mfano wa mkataba, mimi na binti tukakaa nao mchana kutwa. Nikisema iandikwe kwamba wanatoka kazini "tukimaliza", binti anagonga meza: "Mama, 'tukimaliza' siyo saa! Taja saa." Tukacheka mpaka wenzake wakaja kuchungulia. Walisoma wote, wakauliza, ndipo wakasaini.

Mwezi uliopita mwingine kaja na karatasi. "Mama, natarajia kujifungua baada ya miezi mitatu. Nimeandika barua, kama mkataba unavyosema." Ananitazama usoni, haogopi. Nikasaini kwamba nimeipokea.

Namshukuru binti yule kwa kunishtaki badala ya kuninung'unikia. Namshukuru afisa kazi aliyetufundisha bila kutudharau, na ninyi mlionikopesha nikiwa sina hata ng'ombe.

Ninachowaachia ni hiki. Mwenye hata dada mmoja wa kazi nyumbani kwake, akifika leo amwulize, "Unajua likizo yako ni lini?" Dada akiinamisha kichwa, jibu umeshalipata.