Zaharia Mouridi, Daktari wa Watoto Wasiolia

“Aliuza damu ya watoto wetu, na walioinunua ni wale wazungu wenye bunduki!”

Maneno hayo aliyasema Zoubeida wa Patsy siku ya Ijumaa asubuhi, kizingitini pa nyumba ya msiba, Mutsamudu, maiti ikiwa bado haijaoshwa. Bibi wa marehemu, kikongwe Moinahalima, alimjibu kutoka mkekani: “Ingia ndani ulie kwanza, mdogo wangu. Matusi yana zamu yake.” Zoubeida hakuingia, wala hakuondoka. Basi maisha ya marehemu yalisimuliwa yeye akiwa amesimama pale pale, ili ayasikie.

Daktari Zaharia Mouridi alizaliwa Mutsamudu tarehe 3 Machi 1947. Alitoka tumboni analia. Bibi yake anaapa kwamba kilio kile kilifika Patsy mlimani, ng’ombe wakakata kamba, na meli iliyokuwa ikiingia bandarini ikageuza njia ikidhani inafukuzwa. Asiyeamini habari ya ng’ombe na awapunguze, kilio hakipunguziki.

Alihitimu Kurani kwa fundi, mwalimu wa dini wa mtaani, akasoma shule ya msingi Mutsamudu na sekondari Moroni. Udaktari aliusomea Antananarivo, kisha Montpellier. Huko alichagua kuchunguza jinsi mwili wa mtoto mchanga unavyogeuza maziwa kuwa nguvu, na zile homoni zisizoonekana kwa jicho, zinazomwamuru mtoto akue, acheke, alijue jina lake. “Shingoni kuna tezi, bibi, umbo lake kama kipepeo,” alimweleza bibi yake. “Kipepeo akilala, mtoto naye hulala. Akichelewa kuamshwa, akili yake haiamki tena.”

Mwaka 1975 aliolewa na Rachadi Djoumoi, mwalimu wa Vouvouni, ambaye kwa desturi alihamia nyumbani kwa mkewe, akaja na sanduku moja na mto wake mwenyewe, kana kwamba Mutsamudu hakuna pamba. Walijaliwa binti mmoja, Loutfia.

Alirudi kufanya kazi visiwani mwaka 1979, mwaka mmoja baada ya mamluki wa kizungu kuingia. Alichohitaji kwa kila mtoto ni tone la damu ya kisigino, likaushwe juu ya karatasi, lipitie Moroni hadi Ufaransa likapimwe. Lakini nani atampa mgeni kisigino cha mtoto ambaye hajatimiza arubaini?

Mwaka 1982 zilishuka habari kutoka Patsy: kuna mtoto wa kike halii. Siku ya saba alinyolewa, wembe ukamkwaruza, hakulia. Watu walipanda mlima kumgusa unyayo wapate baraka, wakamwita walii. Zaharia aliposikia, aliacha wali sahanini.

“Mjukuu wangu haumwi,” Zoubeida alimwambia mlangoni. “Ana adabu!”

“Bibi, adabu ya mtoto wa wiki tatu ni kulia.”

“Na wewe uliyelia sana umepata nini? Shuka kwenu!”

Alishuka, ila kwa kuzunguka nyuma ya nyumba. Mama wa mtoto, Djaouharia, alikuwa dirishani. Alitoa nje kimguu kimoja.

Karatasi yenye tone lile Zaharia aliibeba mwenyewe. Kwenye uwanja wa ndege wa Moroni, mamluki mmoja aliona majina mawili, la mtoto na la mama, na doa la damu, akadhani ni kiapo cha watu wanaotaka kupindua serikali, akamtia ndani. Alipohojiwa kuhusu njama, alijibu kwa somo la tezi, mpaka askari wote, asema bibi yake, wakawa wanajipapasa shingo. Walimwachia na karatasi yake. Hapo ndipo mji ulipomhukumu: atokaye salama mikononi mwa watu wale, lazima amewauzia kitu. Milango ilifungwa, na madirisha pia. Jioni alikuwa akisikiliza nyumba za jirani ambamo hamkusikika mtoto akilia.

Kila mwezi alipanda Patsy. Akiulizwa, alisema amekwenda kununua ndizi, na ndizi zenyewe zilikuwa mbovu.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 1986. Alifariki Mutsamudu, Alhamisi tarehe 12 Februari 1987, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Neno lake la mwisho lilikuwa, “Nani atapanda Patsy?” Bibi yake alidhani ni homa.

Ameacha mume, Rachadi, binti, Loutfia, na bibi, Moinahalima, aliyekuwa na haki ya kutangulia.

Mikono iliinuliwa: Mola amlaze pema, yeye aliyetumia maisha yake kuamsha watoto wa wenzake. Zoubeida, bado yuko kizingitini, akadakia: “Wangu hakuamshwa na mtu! Wangu alikuzwa na hirizi zangu, si na—”

Chini ya mkono wake akapita mbio msichana wa miaka mitano, Nouriat, na nyuma yake mama yake Djaouharia, akihema kwa mteremko. Sauti ya mtoto ilijaa nyumba nzima.

“Daktari yuko wapi? Mama anasema vidonge vyangu vya asubuhi vimekwisha!” Akageuka. “Bibi, sasa nani ataniletea?”

Zoubeida alivua viatu, akaingia.