Gari la Wagonjwa Halikuja

KAKA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, kaka. Shikamoo.

KAKA: Marahaba, mdogo wangu! Namba ya nani hii? Yako tangu jana haipatikani—

FUNDI: Laini nimeivunja.

KAKA: Ume... [mkwaruzo] Sikusikii.

FUNDI: Nimeivunja! Jana adhuhuri shemeji yako kaingia ninaposhona. Nimekaa napindisha sketi, nainua macho, huyu hapa. Miezi minne nimejificha, hata mama hajui nilipo!

KAKA: Kakugusa?

FUNDI: Tajiri wangu kamzuia kwa pasi ya moto, mimi nikaruka dirishani. Kaka, nani alimwelekeza?

KAKA: Unajua watu na midomo yao—

FUNDI: Alikuwa na ramani kwenye simu. Alama nyekundu, juu ya bati letu.

KAKA: Nisikilize. Alikuja kituoni kwetu analia. Eti umempigia, unataka kunywa sumu. Na sisi watu wa dharura tunaruhusiwa. Mtu akiwa hatarini, kampuni ya simu inatuambia alipo. Dakika tano tu. Ningenyamaza, ufe?

FUNDI: Ungetuma gari la wagonjwa.

KAKA: Magari yalikuwa—

FUNDI: Ungenipigia mimi!

KAKA: Niliona yeye atawahi. Ni mumeo—

FUNDI: Nilikuonyesha mgongo wangu, kaka. Ukalia mbele yangu.

KAKA: Aliapa kabadilika.

FUNDI: Kumbe! Kwa hiyo ya sumu ulijua ni uongo.

KAKA: Sikujua... sikuuliza sana. Nilitaka mkae, myamalize. Mama kakonda kwa mawazo—

FUNDI: Kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi siku zote nikidhani wanamsema mume.

KAKA: Nisamehe. Uko wapi? Nije nikuchukue sasa hivi.

FUNDI: [anacheka kidogo] Uko wapi, anauliza.

KAKA: Basi, usiseme. Ila ukipatwa na lolote piga ile namba ya dharura, hata nisipokuwa zamu—

FUNDI: Siipigi tena. Nyumba ikiwaka nitapiga mayowe, majirani watasikia.

KAKA: Usiseme hivyo, mdogo wangu—

FUNDI: Simu ya watu hii, mwenyewe kaninyooshea mkono. Mwambie mama nakula, nalala.

KAKA: Ngoja kwanza! Mama yuko hapa, anataka... Haloo? Haloo?