Ukuta Uliojengwa na Baba Yake Mzee Ethan Holloway

Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa kumi na moja jioni, Jelagat, binti wa kambo wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea historia hii, alikuwa akisonga ugali jikoni kwake Wheaton, sare ya kazi bado mwilini, hospitali ilipompigia simu kwamba Mzee amefariki, akazima jiko, akawaambia watoto wavae viatu.

Mzee Ethan Holloway alizaliwa tarehe 14 Machi 1937 mjini Washington, mtoto wa pekee wa Amos na Lottie Holloway. Baba yake alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1932, kazi zilipoadimika nchi nzima, alipiga kambi kando ya mto Anacostia na maelfu ya askari wenzake waliodai bonasi, malipo ya ziada ya vita waliyoahidiwa, wakaambiwa wasubiri hadi 1945, kisha jeshi likawafukuza kwa gesi ya machozi, vibanda vyao vikateketea. Mwaka 1936 aliajiriwa kujenga mji mpya wa serikali, Greenbelt, akapanga matofali mwaka mzima, na alipoomba nyumba moja kwa ajili ya mkewe na mtoto mchanga akajibiwa kwamba ni za wazungu tu, labda baadaye, naye akaapa hatakanyaga huko tena.

Marehemu alisoma katika shule za watoto weusi peke yao, akamaliza sekondari mwaka 1955, akafanya kazi posta tangu 1957 hadi alipostaafu mwaka 1992. Tarehe 5 Juni 1999 alimwoa Mama Jerotich, muuguzi kutoka Eldoret, akamlea Jelagat, aliyekuwa na miaka kumi, akamfundisha hesabu na kuendesha gari, hakuwahi kumwita mtoto wa mtu mwingine.

Aliheshimu kiapo cha baba yake hadi mwaka huu, daktari alipomwambia kwamba moyo umechoka, ndipo akaomba apelekwe Greenbelt, karibu na kivuko cha chini ya barabara, aushike ukuta wa matofali aliojenga baba yake. Jelagat alimwahidi tarehe 13 Septemba, akaitwa kazini, akaahidi tarehe 20, akaitwa tena, tarehe 27 alikuwa amechoka tu, akalala. Mzee alicheka, akampa jina, Mama Wiki Ijayo. Safari ilikuwa ya dakika ishirini. Jelagat hana la kujitetea, watu wa familia hii waliambiwa wasubiri miaka mingi, naye akawa mmoja wa waliomwambia hivyo Mzee.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wastaafu wa posta waliofika kwa mikongojo, na wenzake Jelagat waliomshikia shifti leo.

Tukitoka makaburini magari yote yatapitia Greenbelt, kila mmoja aushike ukuta huo, kisha tutakwenda Wheaton, ambako ugali utapakuliwa Mama Jerotich akishahesabu vichwa na kuona hakuna aliyebaki nyuma.

Pumzika kwa amani, Baba, ni leo.