Triko Lenye Mkono wa Rangi Mbili

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi mlionipigia makofi hapa mwaka jana, kwenu Bwana asifiwe mara ya pili, maana leo nimekuja kuwarudishia makofi yenu.

Mnakumbuka. Ilikuwa Noeli kama leo. Makanisa yetu ya milimani yalishuka kusali pamoja nanyi hapa mjini Baraka, na mimi, Mama Esta, nilisimama palepale anaposimama mwimbishaji. Nikasema Mungu ametenda: nilikwenda sokoni na pesa ya kumvika mtoto mmoja, nikarudi nimewavika wote wanne. Nikawaita wanangu mbele, nikawaambia wageuke, mbele na nyuma, mwone vizuri. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mchungaji akasema, huyu ndiye mwanamke anayejua kumtegemea Bwana. Nikarudi kwenye benchi langu nimevimba kichwa.

Ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Bei ilikuwa ya kweli, lakini Mungu nilimsingizia.

Noeli yetu mnaijua. Mtoto asiye na nguo mpya siku hiyo hatoki nje. Wenzake wanazunguka nyumba kwa nyumba kujionyesha na kupewa biskuti, yeye amejikunja nyuma ya nyumba anasema tumbo linamuuma. Mama yake naye anasemwa mpaka Pasaka. Mume wangu alikuwa Misisi kwenye machimbo ya dhahabu, na mwaka ule alichotuma kilikuwa salamu. Basi nikaenda tombola, kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, kama tunavyokwenda wote. Kwetu nguo mpya ni ile ambayo hapa hakuna aliyekuona nayo.

Nguo za balo, yale marobota ya mitumba, mnazijua pia. Balo likifunguliwa zinanuka dawa, ile harufu kali ya kutoka ng'ambo. Lakini mama muuzaji niliyemwendea, ambaye jina lake sitalitaja, alikuwa na gunia chini ya meza. Akaniambia za gunia ni nusu ya bei. Nikaingiza mkono, nikatoa nguo moja, nikainusa. Ilinuka moshi wa kuni. Ndugu zangu, huko balo linakotoka hawapiki kwa kuni. Nilijua papo hapo kwamba nguo ile imetoka kwenye nyumba ya mtu wa huku huku, na kwamba mwenyewe hakuiuza. Sikuuliza. Nilichouliza ni bei.

Mle ndani kulikuwa na triko la uzi, limefumwa kwa mkono, la kijani. Mkono mmoja ulianza kijani ukaishia bluu. Nikaona hapo pa kupunguziwa.

"Mama, hii mukono haifanane. Batanichekea mutoto."

"Inaleta joto vilevile," akasema, lakini akapunguza.

Triko hilo nikamvika Sadiki wangu, nikamgeuza mbele yenu.

Kiangazi kilichofuata ikawa zamu yetu. Watu wenye bunduki waliingia kijijini alfajiri. Tulitoka na tulichokuwa tumevaa, na kwa kuwa alfajiri kule juu kuna baridi, Sadiki alikuwa ndani ya triko lake. Tulitembea siku mbili mpaka tukaliona ziwa, tukafika hapa. Mchungaji akauliza nani ana nafasi, na mama mmoja akasema ana chumba. Ni Mama Neema, yule pale anayetazama chini. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi hapa, kijiji chake kiliporwa wiki chache kabla ya Noeli ile ya makofi.

Siku tuliyofika alitutazama mlangoni. Alimtazama Sadiki muda mrefu kuliko sisi wengine. Kisha akasema, "Mukaribie. Huyu mutoto anasikia baridi." Tangu siku hiyo kila Jumamosi triko la Sadiki alilifua yeye. Hakukubali nilishike. Alilikamua taratibu, akalilaza kwenye mkeka kivulini, hakulitundika kwenye kamba. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Nikasema, huyu mama ana makuu, triko la tombola analifua kama la bibi harusi.

Miezi mitano tulikaa hivyo. Neema, binti yake wa miaka tisa, alilala mkeka mmoja na wanangu.

Mwezi huu nikarudi sokoni, kwenye meza ileile. Gunia lilikuwepo. Nikaingiza mkono, na mkono ukatoka na gauni la Esta wangu. Rangi yake sitaisema, na mtaelewa kwa nini. Nililijua kwa upindo wa ndani nilioushona mwenyewe kwa sindano, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Nililinusa. Lilinuka jiko langu.

Nikasema, "Hii ni ya mutoto wangu."

"Kila muntu anasemaka vile," akasema yule muuzaji. "Mi nanunua kwa batu ba pikipiki. Siulizaka kwenye inatoka. Ukiitaka, lipa."

Sikuwa na ya kutosha. Nilimlaani, ndugu zangu, kwa kinywa hiki kinachoimba kwaya. Niliomba Mungu nyumba yake ivunjwe, nguo za wanawe ziuzwe mbele ya macho yake, na yeye apunguziwe bei. Nilitoka sokoni, na njia nzima niliomba hivyo hivyo.

Nilimkuta Mama Neema anachambua maharagwe. Nikayamwaga yote. Nikasema mwizi ana afadhali, anayenunua ni mbaya zaidi. Nikasema, "Anayenunua anajua! Pua si anayo?"

Aliendelea kuchambua. Alitupa jiwe moja, akatupa jingine. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama Esta, ile triko ya Sadiki, uzi ya kijani iliniishia ku mukono. Nikamalizia na ya bluu. Nilikuwa nafumia Neema."

Akaendelea, kwa sauti ileile ya mtu anayezungumzia maharagwe.

"Ile siku ya Noeli tulikuwa ku benchi ya nyuma. Uligeuza mutoto, tukaiona. Neema akaniuliza, mama, na sisi tupige makofi? Nikamwambia apige."

Neema alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia yote. Miezi mitano mtoto yule amelala ubavuni mwa triko lake, na hakusema hata neno moja, kwa sababu mama yake alimwambia wageni hawaaibishwi.

Nilimwita Sadiki, nikamvua triko palepale, nikampa Neema kwa mikono miwili. Akaliingiza kichwani. Likakwama mabegani. Alikuwa amekua. Akalivua polepole asilivute uzi, akasema, "Iko inanibana. Sadiki avae tu."

Ndugu zangu, mimi nilibatizwa ziwani nikiwa msichana, na miaka yote nilidhani nimeokoka. Nawaambia niliokolewa siku ile, juu ya sinia la maharagwe, na hapakuwa na utamu wowote. Niliona uchungu mpaka kwenye meno. Nilitaka kuendelea kumchukia yule muuzaji, na kila nilipojaribu nilijikuta najichukia mimi, maana maneno niliyomtupia yalinipata mimi yote. Mungu aliutoa ule mzigo wa chuki, lakini aliutoa kama mtu anavyong'olewa jino bila dawa. Nilimwangukia Mama Neema. Hakuniambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Aliniambia niinuke, tupike.

Nilirudi sokoni kumwomba yule muuzaji msamaha kwa laana zangu. Gauni la Esta lilikuwa limekwisha kuuzwa.

Limo humu ndani leo. Nimeliona likiingia mlangoni asubuhi, limefuliwa, limepigwa pasi, na mtoto aliyelivaa anatembea vizuri ili lisikunjane. Wewe mama yake, usimvue mwanao. Sikusemi. Wewe na mimi tulitaka kitu kimoja, mtoto asijifiche nyuma ya nyumba. Lakini safari nyingine, wewe na wengine wote mlio hapa, mkiinusa nguo ikanuka moshi, ulizeni. Kama hakuna jibu, iacheni. Mwaminini Mungu kwamba mtoto anaweza kupita Noeli na nguo ya juzi. Wangu leo wamevaa za kila siku, na wako hai.

Namshukuru Mungu kwa Mama Neema. Kwa mengine bado sijaweza kushukuru, mniombee.

Sasa naomba watoto wote wasimame. Geukeni, wanangu, mbele na nyuma, tuwaone. Sisi tutapiga makofi. Esta, mwanangu, najua umeliona gauni lako. Na wewe piga.